Sewa Haji Paroo

Sewa Haji Paroo (1851 - 10 Februari 1897) alikuwa mfanyabiashara wa Bagamoyo na Zanzibar aliyepata utajiri wake kwa kuandaa misafara ya kwenda bara na kuipatia wapagazi. Leo anajulikana zaidi kwa misaada yake: shule aliyoitoa Bagamoyo na hospitali iliyojengwa kwa fedha zake Dar es Salaam. Jina lake bado lipo katika jengo la wodi kwenye Hospitali ya Taifa ya Muhimbili.

Asili na ujana

Familia ya Sewa Haji ilitoka Bhuj, katika eneo la Kutch, magharibi ya Uhindi. Walikuwa Waislamu Waismailia wa jumuiya ya Khoja, kama wafanyabiashara wengine wengi waliohamia Zanzibar katika karne ya 19. Baba yake, Haji Kanji, alifungua duka Zanzibar, na baadaye biashara ya familia ikafungua tawi Bagamoyo, mji wa pwani ya bara unaotazamana na kisiwa hicho.

Bagamoyo ya wakati ule ilikuwa mlango wa njia ya kati, iliyopita Ugogo na kufika Unyanyembe (karibu na Tabora ya leo), kisha Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Pembe za ndovu zilishuka kwa njia hiyo. Kutoka pwani vilipanda vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Katika sehemu kubwa ya njia hiyo wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa nagana unaoenezwa na mbung'o, na barabara za magari ya kukokotwa hazikuwepo. Kwa hiyo karibu kila kitu kilibebwa na binadamu, mabegani au kichwani.

Sewa Haji aliingia katika biashara hii akiwa kijana. Katika miaka ya nyuma wafanyabiashara wa pwani waliuza bidhaa tu na kukopesha fedha. Yeye alikuza kazi ya aina nyingine: mgeni akija na fedha, alipatiwa msafara mzima, yaani bidhaa zilizofungwa tayari pamoja na watu wa kuzibeba.

Kazi ya kutafuta wapagazi

Kazi ya Sewa Haji ilifanana kwa mengi na ile ya mawakala wa ajira wa siku hizi. Upande mmoja walikuwepo wateja: wafanyabiashara wa pembe, wamisionari, wapelelezi na baadaye maofisa wa serikali. Hawa walihitaji watu mia au zaidi kwa mkupuo, tena haraka, nao wengi hawakujua lugha wala desturi za njia. Upande wa pili walikuwepo wapagazi wenyewe. Wengi walikuwa Wanyamwezi, ambao kwao upagazi ulikuwa kazi ya kuheshimika, na kijana aliyewahi kufika pwani alihesabiwa kuwa mtu mzima. Wengine walikuwa watu wa Zanzibar na Mrima walioitwa waungwana, ingawa baadhi yao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao au walioruhusiwa kwenda safari kwa sharti la kugawana mshahara.

Ugumu wa kwanza ulikuwa majira. Wanyamwezi waliteremka pwani baada ya mavuno wakiwa na misafara ya pembe, na wengi walitaka kuwa nyumbani kabla ya mvua za kulima. Mteja aliyefika katika miezi hiyo alipata watu kwa urahisi, kwa sababu walikuwa wanarudi kwao na walifurahi kulipwa njiani. Mteja aliyefika nje ya majira alisubiri wiki nyingi, na kila siku aliyokaa aliwalisha watu wachache aliokwisha kuwapata huku wengine wakimtoroka. Wakala aliyefahamu ni msafara gani unashuka, na utafika lini, alikuwa na bidhaa ambayo duka jingine halikuwa nayo.

Ugumu wa pili ulikuwa malipo ya awali. Ilikuwa desturi mpagazi apewe sehemu ya ujira kabla ya kuondoka, kwa fedha au kwa vitambaa vilivyohesabiwa kwa doti. Doti moja ilikuwa na urefu wa mikono minane, yaani karibu mita tatu na nusu. Fedha hizo zilimwezesha kununua mahitaji ya safari na kuwaachia jamaa kitu, lakini zilitoa pia nafasi ya kutoroka. Wateja walitaka wakala adhamini watu wake. Naye wakala alijua kwamba mtu hatoroki bila sababu: mzigo umezidi, posho imepunguzwa, au kiongozi wa msafara anatumia kiboko.

Ugumu wa tatu ulikuwa mzigo wenyewe. Kipimo cha kawaida kilikuwa frasila mbili hivi, karibu kilo 32, mbali na mkeka, chungu na silaha ya mpagazi mwenyewe. Mtumba wa kitambaa ulifungwa kwa umbo refu na gumu ili ukae vizuri begani. Kufunga mizigo vibaya kulileta ugomvi kila asubuhi njiani, na kwa hiyo mwenye duka aliyejua kuifunga alithaminiwa. Msafara ulihitaji pia kirangozi wa kutangulia na bendera, wanyapara wa kusimamia makundi, na askari. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 800, safari ya miezi miwili hadi mitatu au zaidi, na huko Ugogo watawala walidai hongo kabla ya kuruhusu watu wapite na kuchota maji.

Faida ya mwandaaji ilitoka sehemu mbili: bei ya bidhaa alizouza kwa msafara, na tofauti kati ya kile alicholipwa na mteja kwa kila mpagazi na kile ambacho mpagazi alikipokea mkononi. Tofauti hiyo ilikuwa chanzo cha lawama nyingi. Mteja aliona analipishwa mno, na mpagazi aliona anapunjwa. Wote wawili walimtazama mtu mmoja aliyekaa katikati yao.

Msafara wa Stanley mwaka 1871

Mfano unaojulikana zaidi wa kazi ya Sewa Haji ni msafara wa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, aliyetumwa kumtafuta David Livingstone. Stanley alifika Bagamoyo mwezi Februari 1871. Wakati ulikuwa mbaya. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu ya watu Zanzibar na pwani mwaka 1869 na 1870, na Wanyamwezi waliogopa kushuka. Yeye alihitaji wapagazi wapatao 140.

Tharia Topan, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa Zanzibar na Mwismailia vilevile, alimpa Stanley barua ya kumtambulisha kwa kijana wa Bagamoyo aliyesifiwa kwa uwezo wa kupata wapagazi. Katika kitabu cha Stanley jina la kijana huyo limeandikwa kwa tahajia tofauti, lakini anatambuliwa kuwa ndiye Sewa Haji, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 20 hivi.

Stanley alimchora kijana huyo kwa wino mweusi. Alimlaumu kwa kuchelewesha watu, kuongeza hesabu na kutoza gharama ambazo hazikuwa za haki, na alieleza mabishano ya kila siku juu ya vitambaa na ujira. Maelezo hayo ni ya upande mmoja, na Stanley aliyaandika kwa dharau iliyokuwa kawaida kwa Wazungu wengi wa zama zake walipowataja Wahindi na Waafrika. Hesabu ya Sewa Haji mwenyewe kuhusu jambo hilo haikuchapishwa. Matokeo yanajulikana lakini: katika majira yasiyofaa, baada ya ugonjwa, watu walipatikana. Misafara mitano iliondoka Bagamoyo mmoja baada ya mwingine, wa kwanza mwezi Februari na wa mwisho, ukiwa na Stanley mwenyewe, mwezi Machi 1871. Mwezi Novemba mwaka huohuo Stanley alikutana na Livingstone Ujiji.

Majina ya Stanley na Livingstone yalienea dunia nzima. Majina ya wapagazi wengi wa msafara ule hayakuandikwa popote.

Wakati wa utawala wa Wajerumani

Katika miaka ya 1880 biashara ya Sewa Haji ilikuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa za Bagamoyo. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kutwaa utawala wa pwani mwaka 1888, watu wa pwani waliinuka chini ya uongozi wa Abushiri bin Salim na wengine. Bagamoyo ilipata uharibifu mkubwa na wafanyabiashara wengi wa Kihindi walikimbilia Zanzibar. Hermann von Wissmann aliivunja vita hiyo kwa jeshi la askari wa kukodiwa, na Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889.

Baada ya vita serikali mpya ilihitaji wapagazi kuliko mtu yeyote: kwa vituo vya kijeshi vya bara, kwa safari za kivita na kwa wapelelezi. Sewa Haji akawa muuzaji wa huduma hiyo kwa Wajerumani pia, kama alivyokuwa kwa Wazungu wengine kabla yao. Hapa kazi yake ilibadilika sura. Mpagazi aliyebeba mtumba wa mfanyabiashara wa pembe alikuwa akijitafutia riziki. Mpagazi aliyebeba risasi za serikali alisaidia, apende asipende, kuitiisha nchi yake mwenyewe. Faida ya biashara za pwani katika miaka ile ilitoka katika kazi zote mbili.

Misaada kwa jamii

Sewa Haji alikuwa na majumba na viwanja Bagamoyo na Dar es Salaam, mji ambao ulichukua nafasi ya Bagamoyo kama makao makuu ya koloni mwaka 1891. Katika miaka ya mwisho ya maisha yake alianza kuitoa mali hiyo.

Mwaka 1896 aliikabidhi serikali jengo la ghorofa Bagamoyo kwa ajili ya shule. Aliweka sharti kwamba shule ipokee watoto wa rangi zote. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo, kwani utaratibu wa koloni ulikuwa wa kutenganisha watu kwa rangi katika shule, hospitali na hata mitaa. Jengo hilo lipo hadi leo na limetumika kama Shule ya Msingi Mwambao.

Alitoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1897 na kuitwa Hospitali ya Sewa Haji. Mwaka huohuo Wajerumani walifungua hospitali nyingine ufukweni, ile inayojulikana kama Ocean Road, kwa ajili ya Wazungu. Hospitali ya Sewa Haji iliwahudumia Waafrika na Wahindi. Wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo pia walinufaika na mali aliyoiacha.

Kifo na warithi wa biashara

Sewa Haji alifariki Zanzibar tarehe 10 Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46 hivi.

Biashara ya misafara iliendelezwa na Allidina Visram, Mwismailia kutoka Kutch aliyefika Bagamoyo akiwa kijana mdogo na kujifunza kazi chini ya Sewa Haji. Visram alifungua maduka hadi Uganda na kuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Afrika Mashariki. Yeye pia alitoa sehemu ya mali yake kwa elimu, na shule ya sekondari Mombasa ina jina lake.

Upagazi wenyewe haukudumu muda mrefu baada ya hapo. Reli ya Uganda ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Reli ya Kati, iliyoanzia Dar es Salaam, ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo ikabaki kando.

Kumbukumbu

Hospitali ya Sewa Haji ilifanya kazi kwa takribani miaka 60, chini ya Wajerumani na kisha Waingereza. Mwaka 1956 ilifunguliwa Hospitali ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Muhimbili. Jengo la zamani lilibomolewa, lakini jina lilihamishiwa hospitali mpya. Wakazi wa Dar es Salaam, kuanzia Temeke hadi Mikocheni, husema mgonjwa wao amelazwa Sewa Haji kama wasemavyo Kibasila au Mwaisela, na wengi hawamjui mtu aliyekuwa na jina hilo.

Swali lililozunguka kazi yake halijaisha pia. Kampuni za kutafutia watu kazi zimeenea tena mijini, na mabishano ni yaleyale: nani mwajiri wa kweli, na wakala abaki na kiasi gani cha fedha inayolipwa kwa jasho la mwingine. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za mawakala binafsi wa ajira zilizokataza wakala kuwa mwajiri wa watu anaowatafutia kazi. Katika siku za Sewa Haji kanuni ya namna hiyo haikuwepo, na mpagazi alitegemea neno la wakala na la mnyapara wake.

Wanaomsifu Sewa Haji hutaja shule na hospitali. Wanaomkosoa hutaja bei zake na huduma aliyowapa wakoloni. Yote mawili ni sehemu ya maisha yake, na fedha zilizojenga hospitali ya maskini zilitoka kwa sehemu kubwa katika safari za watu waliobeba frasila mbili begani kutoka Bagamoyo hadi bara.