Al-Walid bin Abdul-Malik na Haki ya Wanyonge

Amma baad. Katika makhalifa wa Bani Umayya, wasomaji wetu wengi wamjua zaidi Umar bin Abdul-Aziz kwa uadilifu wake. Ama binamu yake, Al-Walid bin Abdul-Malik, yeye hutajwa kwa majengo yake na kwa nchi zilizofunguliwa na majemadari wake. Leo twapenda kumweleza kwa jambo ambalo wanahistoria wamelitaja kwa maneno machache, nasi twaliona kuwa ni kubwa kuliko kuta zote alizozisimamisha. Nalo ni kuwawekea vipofu, viwete na mayatima watu maalumu wa kuwahudumu.

NASABA NA MALEZI YAKE

Yeye ni Al-Walid mwana wa Abdul-Malik, mwana wa Marwan, mwana wa Al-Hakam, wa ukoo wa Bani Umayya katika Makureshi. Mama yake ni Wallada binti Al-Abbas, wa kabila la Bani Abs. Alizaliwa katika zama za Muawiya, na katika ndugu zake watatu walikuja kuwa makhalifa kama yeye: Sulaiman, Yazid na Hisham.

Ilikuwa ada ya wakubwa wa Kiarabu kuwapeleka watoto wao jangwani, wakakae na mabedui na kujifunza lugha fasihi. Abdul-Malik kwa mapenzi yaliyozidi hakuweza kutengana na mwanawe, basi Al-Walid akakua na ulimi wa makosa, akikosea irabu hata juu ya mimbari. Baba akamwonya kuwa hawezi kuwatawala Waarabu asiyekijua Kiarabu. Hapo akawakusanya wanachuoni wa nahau akajifungia nao miezi sita, na imepokewa kuwa alipotoka hali yake ilikuwa mbaya zaidi kuliko alipoingia. Watu huicheka khabari hii, lakini ndani yake mna mazingatio: mapenzi peke yake si malezi, na jambo lisilofundishwa kwa wakati wake na mjuzi wake huwa taabu kulipata baadaye.

UKHALIFA WAKE

Alishika ukhalifa mwezi wa Shawwal mwaka 86 (705), akatawala miaka tisa na kitu. Katika muda huo Tariq bin Ziyad alivuka bahari akaingia Andalusi mwaka 92 (711), Muhammad bin Al-Qasim akafika Sindi, na Qutaiba bin Muslim akafika Bukhara na Samarkand. Yeye ndiye aliyejenga Msikiti Mkuu wa Damascus, na ndiye aliyemwamrisha Umar bin Abdul-Aziz, aliyekuwa liwali wake Madina, aupanue Msikiti wa Mtume (s.a.w.) na kuviingiza ndani yake vyumba vya wakeze. Jambo hilo la mwisho liliwaliza watu wengi wa Madina, miongoni mwao Said bin Al-Musayyab, waliopenda vyumba vile vibaki ili vizazi vijavyo vione jinsi Mtume alivyoishi kwa uchache.

Wala hatuandiki haya ili kumtakasa. Al-Walid alimwacha Al-Hajjaj juu ya Iraki, naye akamwaga damu za watu wema, akiwamo mwanachuoni Said bin Jubair. Mwenye kuandika tarikhi hana ruhusa ya kuficha dhulma kwa ajili ya wema, wala kufuta wema kwa ajili ya dhulma.

ALIVYOWATENDEA WANYONGE

Sasa tuje kwenye maudhui yetu. Wanahistoria wataja kuwa Al-Walid aliwapangia posho wenye ukoma, akawakataza kuomba watu. Kila kiwete asiyeweza kuinuka akampa mtumishi wa kumhudumu, na kila kipofu akampa kiongozi wa kumshika mkono. Mayatima akawafanyia tohara na kuwawekea walimu wa kuwaadibu. Tena imetajwa kuwa mwaka 88 (707) alijenga nyumba ya wagonjwa, akaweka matabibu ndani yake na kuwapa mshahara.

Mzingatie hapa, ewe msomaji. Mtawala mwingine angalitupa dirhamu mlangoni pa msikiti, akahesabu kuwa amekwisha toa haki. Al-Walid alifahamu kuwa fedha peke yake haimvushi kipofu njia. Mtu asiyeweza kuinuka huweza kuwa na dinari chini ya mto wake, naye akabaki na kiu kwa kukosa wa kumpa maji. Kwa hiyo alitoa vitu viwili pamoja: mali ya kumtosha mnyonge, na mtu wa kumhudumu. Na huduma ile akaitoa katika baitul-mali, kama walivyolipwa askari na makadhi. Hivyo ikawa ni haki inayodaiwa, haikubaki kungojea huruma ya mpita njia.

Wala hakulizua jambo hili kutoka patupu. Alirithi dini ambayo Qur'ani yake ilishuka kumtetea kipofu, Ibn Ummi Maktum, alipokuja kutafuta elimu. Na ambayo Mtume wake aliridhia Rufaida wa kabila la Aslam awe na hema msikitini, akiwatibu majeruhi na kuwatazama wasiokuwa na mtu. Umar bin Abdul-Aziz aliposhika ukhalifa mwaka 99 (717) aliifuata njia hiyo, akataka waorodheshwe vipofu na wagonjwa wa kudumu, akampa kila kipofu kiongozi na kila wagonjwa wawili mtumishi mmoja. Karne zilipopita, Nur-ud-Din akajenga hospitali yake Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga ya Kairo mwaka 1284, nayo ilikuwa na wahudumu wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake.

KUFA KWAKE

Al-Walid alifariki mwaka 96 (715) pahali paitwapo Dair Murran, karibu na Damascus. Watu wa Sham walimhesabu kuwa katika wabora wa makhalifa wao. Imesemwa kuwa katika zama zake watu walipokutana waliulizana khabari za majengo, kwani yeye alipenda kujenga. Basi majengo yakabakia midomoni mwa watu, na yule kiongozi wa kipofu akasahauliwa.

TUPATAYO SISI

Nasi tumefuata usahaulifu huo huo. Katika pwani yetu kazi ya kumlea mtoto wa mtu, kumwogesha mzee na kumsukuma kiwete imehesabiwa kuwa ni kazi duni. Sababu yake twaijua: kwa muda mrefu kazi hizo ziliwekwa mikononi mwa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini dharau yake ingali vifuani mwetu. Yaya twamlipa kidogo na kumfundisha kisicho kitu, kisha twamkabidhi kilicho ghali kuliko vyote tulivyo navyo.

Tazameni ajabu yetu nyingine. Katika kila mtaa wamo wanawake na wanaume wajuao kumwosha maiti. Wamefundishwa jinsi ya kumsitiri, wapi pa kuanzia na maji mara ngapi. Na hilo ni jema, ni faradhi ya kutoshelezana. Lakini kumwosha mzee aliye hai, asiyeweza kuinuka, na kumsitiri uchi wake asione haya, hilo hatulifundishi mahali popote. Mwenye kulala kitandani hutaka kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya malazi. Aliyepata kiharusi hutaka kuketishwa wima na kulishwa kidogo kidogo, chakula kisimpalie. Kipofu hutaka aachiwe akushike kiwiko akufuate, wala si wewe kumkokota mkono. Haya ni elimu, na elimu haipatikani kwa huruma tu, kama Al-Walid hakupata nahau kwa mapenzi ya baba yake.

Atasema msemaji: kumwajiri mtu amtazame mzazi ni kukimbia wema tulioamrishwa kuwafanyia wazazi wawili wanapofikia uzee. Twamjibu kuwa anayemwacha mzazi kwa mwajiriwa na kwenda zake, huyo kweli amekimbia. Ama anayeleta mjuzi nyumbani wasaidiane, naye mwenyewe akajifunza kwake, huyo amezidisha wema. Serikali yetu leo huwapa posho wazee waliotimia miaka 70 na wenye ulemavu mkubwa. Hiyo ni nusu ya aliyoyafanya Al-Walid. Nusu ya pili, yaani mtu mjuzi wa kuhudumu, imebaki juu yetu.

Vyuo vya ufundi vya nchi hii sasa vyafundisha kazi ya kutunza watoto, wazee na wenye ulemavu. Twawanasihi wazazi wasiwazuie vijana wao, wa kike na wa kiume, kwa kuona aibu. Msichana anayesafiri kwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani akiwa na cheti na elimu, si sawa na yule anayekwenda na mikono mitupu. Twawanasihi pia wenye kusimamia zaka na wakfu wawalipie karo wasiojiweza, na walimu wa madrasa waweke mlango wa kumhudumia aliye hai kando ya mlango wa janaza. Na mwenye kazi hii alipwe ujira unaomtosha, aitwe kwa jina la heshima. Kwani leo yeye ndiye yule kiongozi aliyewekewa kipofu na khalifa wa Waislamu.

Wabillahi tawfiq.