Stephen Hopkins: Gavana aliyesaini uhuru wa Marekani, akagoma kumwachia mtumwa wake

Mwaka 1776 mjini Philadelphia, mzee wa miaka 69 alishika kalamu kusaini Tangazo la Uhuru wa Marekani. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kwa maradhi, ikabidi aushikilie kwa mkono wa kushoto. Sahihi yake iliyopindapinda inaonekana mpaka leo.

Huyo ni Stephen Hopkins, mfanyabiashara aliyekuwa gavana wa koloni la Rhode Island. Miaka mitatu kabla ya hapo, kanisa lake lilikuwa limemfukuza kwa sababu aligoma kumwachia huru mwanamke mmoja aliyekuwa mtumwa wake.

Kutoka shambani hadi ugavana

Hopkins alizaliwa Machi 7, 1707, Providence. Shule hakusoma sana, mengi alijifunzia nyumbani kwenye vitabu. Alianza maisha kama mkulima na mpima ardhi.

Miaka ya 1740 alihamia Providence mjini na kuingia kwenye biashara ya meli. Baadaye alishirikiana na ndugu wa familia ya Brown, matajiri wa mji huo, kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma.

Mwaka 1755 akawa gavana kwa mara ya kwanza. Rhode Island haikuletewa gavana na mfalme wa Uingereza. Wanaume wenye mali walipiga kura kila mwaka, na kwa miaka kadhaa Hopkins na hasimu wake Samuel Ward waligombania kiti hicho vikali.

Mwaka huohuo wa 1755 alioa mke wa pili, Anne Smith, mjane Mquaker. Naye akajiunga na Waquaker, wanaojiita Marafiki, dhehebu ambalo leo lina waumini wengi sana magharibi mwa Kenya.

Uhuru kwenye karatasi, pingu melini

London ilipoongeza ushuru kwa makoloni mwaka 1764, Hopkins aliandika kijitabu kupinga. Hoja yake ilikuwa kali: watu wanaotawaliwa kwa matakwa ya wengine hawana tofauti na watumwa.

Kumbe mwaka huohuo meli iitwayo Sally iling'oa nanga kutoka Rhode Island kwenda Afrika Magharibi kununua watu. Wenye meli walikuwa akina Brown, wale wale washirika wake. Nahodha alikuwa Esek Hopkins, mdogo wake wa damu. Esek alinunua Waafrika 196, na angalau 109 kati yao walikufa.

Kanisa lachoka

Kufikia 1773, Waquaker wa eneo hilo walikuwa wamekata shauri: muumini asimiliki binadamu mwenzake. Wakamtaka Hopkins amwachie yule mwanamke. Mzee akakataa, akijitetea kwamba mama huyo ana watoto wadogo wanaohitaji malezi yake.

Utetezi haukupita. Marafiki wakamfuta uanachama, bila kujali ugavana wala heshima yake mjini.

Kinachoshangaza ni kilichofuata. Mwaka 1774 Rhode Island ilipitisha sheria ya kuzuia kuingiza watumwa wapya, na Hopkins ndiye anayetajwa kuupeleka muswada huo bungeni. Sheria ilikuwa na mianya, lakini kwa koloni lililotajirika kwa biashara hiyo, ilikuwa hatua kubwa. Aliyetaka mlango ufungwe kwa wapya hakuufungua kwa yule aliyekuwa ndani ya nyumba yake.

Mwisho wake

Hopkins alifariki Julai 13, 1785, akiwa na miaka 78. Nyumba yake bado ipo Providence, sasa ni makumbusho.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Rhode Island iliamua kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa kuanzia Machi 1784 watakuwa huru. Mama zao sheria hiyo haikuwagusa.