Cicero, Liwali wa Kilikia

Kwetu sisi wanafunzi wa Kilatini, jina la Cicero huleta kwanza maumivu ya kichwa, maana sentensi zake ni ndefu na kitenzi hungoja mwisho kabisa. Mimi nilimchukia miaka miwili. Lakini muhula huu nilisoma habari za maisha yake, na liko jambo moja ambalo napenda kuwasimulieni, ndugu wasomaji.

Marcus Tullius Cicero alizaliwa mwaka 106 kabla ya Kristo katika mji mdogo wa Arpinum, Italia. Katika jamaa yake hakuna aliyepata kuwa mkubwa wa dola huko Roma. Silaha yake ilikuwa ulimi. Mwaka 75 alitumwa Sisilia kusimamia fedha, akafanya kazi kwa uaminifu. Kwa hiyo watu wa Sisilia walipoporwa na liwali wao Verres, walimkimbilia Cicero awatetee. Alipewa siku 110 za kukusanya ushahidi, naye akatumia 50 tu. Kesi ilipoanza mwaka 70, mashahidi walimwelemea Verres hata akakimbia kabla ya hukumu. Mwaka 63 Cicero akawa konsuli, cheo kilichotamaniwa na wakubwa wote.

Mwaka 51 zamu ya uliwali ikamfikia yeye mwenyewe. Alipelekwa Kilikia, nchi ya Tarso alikozaliwa baadaye Mtume Paulo, na kisiwa cha Kupro kilikuwa chini yake pia. Alikuta watu wamekamuliwa. Kupro peke yake ilikuwa imezoea kuwapa maliwali talanta 200 ili askari wasiletwe kukaa mijini mwao wakati wa baridi. Cicero hakuzipokea. Safarini hakutwaa hata kuni wala majani ya farasi, na mara nyingi alilala hemani. Tena alitangaza kuwa riba isizidi 12 kwa mia kwa mwaka.

Ndipo akaja mtu aitwaye Scaptius, akiwadai watu wa Salami, huko Kupro, kwa riba ya 48 kwa mia. Liwali aliyetangulia alikuwa amempa askari wa farasi, naye akawazingira madiwani barazani mwao hata watano wakafa kwa njaa. Cicero aliwaondoa askari wale. Watu wa Salami walikuwa tayari kulipa kwa riba ya 12. Lakini ikafunuliwa kuwa mwenye fedha ni Brutus, bwana mkubwa wa Roma, yule aliyeshiriki baadaye kumwua Kaisari. Wadaiwa wakaomba kuziweka fedha hekaluni ili riba isizidi kukua. Cicero alijua wana haki, lakini aliwashawishi waache, akaondoka bila kukata shauri.

Hapo nilifunga kitabu. Mwaka jana nilikuwa kiranja wa bweni. Niliwaandika wote waliochelewa, bila upendeleo. Lakini rafiki yangu mmoja, mwenye nguvu na mwenye kupendwa, alipotwaa blanketi la mtoto wa kidato cha kwanza, nilimwambia mtoto yule kwamba tutalitazama kesho. Kesho hiyo haikufika, na mtoto alilala kwa baridi mpaka likizo. Mimi sikuiba kitu. Mikono yangu ilikuwa safi, lakini blanketi halikurudi.

Cicero hakuishia Kilikia. Mwaka 44 na 43, Antonius alipotaka kuitawala Roma kwa nguvu, mzee huyu alisimama akamshutumu waziwazi, akijua hatari yake. Antonius alimtia katika orodha ya watu wa kuuawa, naye akauawa tarehe 7 Desemba mwaka 43, akiwa na miaka 63. Aliyemstahi Brutus hakumstahi Antonius.

Ninyi mtakaopokea uranja mwakani, kuacha kuiba ni mwanzo tu wa kazi. Mimi nilikwenda kumwomba mtoto yule radhi, nikampa blanketi langu.