Elmer Keith

Elmer Merrifield Keith (8 Machi 1899 – 14 Februari 1984) alikuwa mfugaji, kiongozi wa wawindaji na mwandishi kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa majaribio yake ya kujaza upya risasi kubwa za bastola nyumbani. Majaribio hayo yalichangia kutokea kwa risasi za .357 Magnum (1935), .44 Magnum (1955) na .41 Magnum (1964).

Maisha ya awali

Keith alizaliwa Hardin, katika jimbo la Missouri. Akiwa na umri wa miaka 12 alinusurika moto ulioteketeza nyumba ya wageni mjini Missoula, Montana. Aliungua vibaya, na mkono wake wa kushoto ulipona ukiwa umejikunja kinyume. Baadaye wazazi wake waliuvunja na kuunyosha upya, akaweza kuutumia tena.

Alipokua alichunga ng'ombe, alifunza farasi wakali na kuongoza wawindaji, kisha akaishi miaka mingi katika jimbo la Idaho. Katika kazi hizo bastola ilikuwa kifaa cha kila siku, lakini risasi za viwandani zilikuwa dhaifu kwa wanyama wakubwa. Kwa hiyo alianza kutengeneza zake.

Kujaza risasi upya

Risasi moja ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe, fataki inayowasha moto, baruti, na kichwa kinachoruka. Baada ya kufyatuliwa ganda hubaki zima. Anayejaza upya hulibana lirudi kwenye kipimo chake, huondoa fataki iliyotumika na kuweka mpya, hupima baruti kwa mizani, hutia kichwa na kubana mdomo wa ganda. Kosa dogo la kipimo linaweza kuvunja silaha na kumwumiza anayeishika.

Keith alilijua hilo kwa kujionea mwenyewe. Mwanzoni alitumia bastola ya Colt ya .45, yenye asili ya mwaka 1873. Mwaka 1925 silinda ya bastola hiyo ilipasuka mkononi mwake alipofyatua risasi aliyoijaza kwa nguvu kupita kiasi. Hakuumia sana, akaandika habari hiyo katika jarida la American Rifleman.

Baada ya tukio hilo alibadili silaha badala ya kuongeza baruti. Alichagua risasi ya .44 Special, iliyotolewa na kampuni ya Smith & Wesson mwaka 1907. Kichwa chake kina upana wa takriban milimita 10.9, pungufu kidogo kuliko cha .45. Kwa hiyo matundu ya silinda huwa madogo zaidi, na kuta za chuma kati yake huwa nene na kustahimili shinikizo kubwa zaidi.

Vifaa alivyovichagua

Kifaa kilichompa Keith jina kubwa kilikuwa kalibu ya kusubu vichwa vya risasi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alibuni umbo jipya la kichwa cha .44 chenye uzito wa takriban gramu 16. Lilikuwa na ncha pana iliyo bapa, pete tatu zenye upana sawa za kushika mtutu, na mfereji wenye kina wa kuwekea mafuta. Mfereji mwingine ulikuwa wa kubania mdomo wa ganda.

Mfereji huo wa mwisho una umuhimu wake katika bastola kubwa. Bastola inaporuka nyuma kwa nguvu, risasi ambazo bado ziko kwenye silinda hutikiswa, na vichwa visivyobanwa vizuri huchomoza mbele. Vikichomoza sana, silinda haizunguki tena, na mwindaji hubaki bila silaha mbele ya mnyama. Keith alikataa kalibu ambazo vichwa vyake havikubanika imara.

Katika miaka ya 1930 alianza kutumia baruti mpya ya Hercules iliyoitwa 2400. Iliungua polepole kuliko baruti nyingi za bastola, hivyo ilisukuma kichwa kizito bila kupandisha shinikizo kwa ghafla.

Risasi ya .44 Magnum

Kwa miaka mingi Keith aliwahimiza wenye viwanda watengeneze risasi yenye nguvu kama zake. Walisita, kwani risasi hiyo ingeweza kutiwa katika bastola za zamani zisizoihimili na kuzipasua. Suluhisho lilipatikana mwaka 1955: Remington ilitengeneza ganda lililorefushwa kwa takriban milimita 3, lisiloweza kuingia katika silinda ya .44 Special, nayo Smith & Wesson ikatoa bastola imara zaidi.

Maandishi na mabishano

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Keith alikuwa mkaguzi wa silaha katika ghala la jeshi la Ogden, Utah. Kati ya vitabu vyake ni Sixgun Cartridges and Loads (1936), Sixguns (1955), Safari (1968), kinachohusu uwindaji barani Afrika, na kumbukumbu za maisha yake, Hell, I Was There! (1979).

Alishindana kwa muda mrefu na mwandishi Jack O'Connor: Keith alitetea vichwa vizito na vipana, O'Connor vichwa vyepesi vyenye mwendo wa kasi. Habari yake ya kumpiga kwa bastola kulungu aliyejeruhiwa, akiwa umbali wa yadi 600 hivi, inabishaniwa hadi leo.

Kifo na urithi

Mwaka 1981 Keith alipata kiharusi, na hakuweza tena kuandika. Alifariki mjini Boise, Idaho, akiwa na umri wa miaka 84. Kalibu za umbo alilolibuni bado zinatengenezwa, na wengi wanaojaza risasi za .44 nyumbani wanazitumia.