Denis Burkitt na Swali la Mtoto Atokako

Ndugu mwanachuo, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha utakabidhiwa daftari la mahudhurio. Utajaza jina la mtoto, umri wake na kijiji atokako, kisha huenda usiitazame tena safu hiyo ya mwisho. Makala hii inasimulia habari za daktari ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ilitokana na safu kama hiyo.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, na wakati wa mapumziko aliwavisha ndege pete za miguuni, akachora ramani ya eneo la kila ndege ili ajue yupi anaishi wapi. Mtoto aliyaona hayo nyumbani kila siku. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe shuleni, akapoteza jicho la kulia. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, akauacha, akahitimu udaktari mwaka 1935. Alipoomba kazi katika makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho lile. Baada ya vita alikubaliwa, na mwaka 1946 akapelekwa Lira, kaskazini mwa Uganda, akiwa daktari mpasuaji.

Huko Lira wanaume wengi waliletwa kupasuliwa mabusha. Burkitt hakuridhika na kupasua tu; alitaka kujua kwao mgonjwa ni wapi. Akabaini kwamba upande wa mashariki wa wilaya ulikuwa na wagonjwa wengi kuliko upande wa magharibi.

Mwaka 1957, akiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto wa miaka kama mitano. Mataya yake yalikuwa yamevimba pande zote mbili, juu na chini, na meno yamelegea. Uvimbe wa jipu la jino hukaa upande mmoja. Huu haukufanana nao. Burkitt alimpiga picha mtoto yule, lakini hakuwa na jibu. Majuma machache baadaye alikuwa Jinja akizungukia wagonjwa. Akatupa macho dirishani, akamwona mama ameketi kwenye majani na mtoto mwenye uso wa namna ile ile. Akatoka nje kumpima. Hakuishia kwenye uso: alimpapasa tumboni, akakuta uvimbe na huko pia.

Hapo ndipo penye somo la mbinu, nami naomba tusipapite haraka. Mtoto wa kwanza angeweza kuhesabiwa kuwa ajabu tu. Wa pili alimrudisha Burkitt kwenye majalada ya Mulago, naye akaona kwamba watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa na uvimbe mahali pengine mwilini. Magonjwa yaliyokuwa yameandikwa kwa majina mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja. Aliyaeleza hayo katika makala ya mwaka 1958, na wataalamu wa maabara wakathibitisha kwamba ni saratani ya tezi. Leo ugonjwa huo huitwa kwa jina lake.

Kisha akauliza swali lake la Lira: watoto hawa watoka wapi? Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika. Mwaka 1961 alinunua gari kuukuu aina ya Ford kwa paundi 250, akasafiri na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson. Kwa majuma kumi walikwenda kilomita 16,000 hivi, wakapitia Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakiuliza katika hospitali zaidi ya hamsini. Ramani iliyotokea ilionyesha kwamba karibu na ikweta ugonjwa ulikuwa adimu juu ya mita 1,500, na pia katika nchi zenye baridi au ukame. Ilifanana na ramani ya mbu. Mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake walitangaza kwamba wameona kirusi katika chembe za uvimbe uliotumwa London kwa ndege. Siku hizi inafahamika kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, ndivyo huandaa njia ya ugonjwa huu.

Shinyanga na Geita zimo ndani ya ukanda ule. Uvimbe huu hukua upesi mno, pengine kwa siku chache tu, na huwapata hasa watoto wa umri wa kuanza shule. Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya upande wa Geita, mvulana wa darasa la kwanza alikuwa akitafuna kwa upande mmoja. Niliandika kwamba ana jino bovu, nikampa ruhusa. Sikumuuliza ameanza lini, wala sikutazama upande wa pili wa uso wake. Nilipokwenda kwao, familia ilikuwa imehamia machimbo mengine, na jirani hawakujua ni yapi. Katika daftari langu, kijiji nilichoandika kilikuwa kile cha mwezi mmoja tu. Mpaka leo sijui habari zake.

Mwalimu hatambui saratani, wala hatakiwi. Lakini aweza kumwandikia mganga ni siku ngapi zimepita, ni meno mangapi yamelegea, tumbo likoje, na mtoto aliishi wapi kabla ya hapo. Tiba ipo: Burkitt mwenyewe, akiwa hana mashine za mionzi, alijaribu dawa za saratani, na baadhi ya watoto wakapona kwa dozi chache. Kwa kanda yetu wagonjwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alipata sifa nyingine kwa kuhimiza vyakula vyenye makapi, kwa kulinganisha milo ya Afrika na ya Ulaya. Alifariki tarehe 23 Machi, 1993.