Henrietta Lacks: Saratani iliyopewa jina lisilo lake

MWANAMKE ambaye seli za mwili wake zimeenea katika maabara za dunia nzima alizaliwa Agosti 1, 1920 mjini Roanoke, jimbo la Virginia, Marekani. Mamaye alifariki mwaka 1924 akijifungua, naye Henrietta Lacks akapelekwa kwa babu yake huko Clover, kijiji cha wakulima wa tumbaku. Nyumba yao ya magogo iliwahi kuwa makao ya watumwa.

Mwaka 1941 aliolewa na binamu yake, David Lacks, na wakahamia karibu na Baltimore, ambako mumewe alipata kazi katika kiwanda cha chuma. Walijaliwa watoto watano.

Januari 29, 1951, miezi michache baada ya kumzaa kitinda mimba wake, alifika katika hospitali ya Johns Hopkins akitokwa na damu isiyo ya hedhi. Hospitali hiyo iliwatibu weusi maskini, ingawa katika wodi walizotengewa. Daktari Howard Jones aliona kwenye mlango wa kizazi uvimbe wa rangi ya zambarau uliotoa damu ulipoguswa tu. Kipande kilikatwa, kikapimwa kwa hadubini, na jibu likaja kuwa ni saratani ya seli bapa.

Mlango wa kizazi una utando wa aina mbili. Upande wa nje umefunikwa na seli bapa zilizopangana tabaka kwa tabaka, ilhali mfereji wa ndani una seli za tezi zitoazo ute. Saratani nyingi huanzia mpakani, pale aina hizo zinapokutana, na zaidi ya saba katika kila kumi huwa za seli bapa. Zile za tezi ni chache lakini zina hila: hujificha ndani ya mfereji, na kipimo cha kukwangua seli huzikosa kwa urahisi zaidi.

Henrietta alitibiwa kwa radiamu na baadaye kwa miale. Kabla ya radiamu kuwekwa, daktari alichukua vipande vya nyama pasipo kumwomba ruhusa, vikapelekwa kwa mtafiti George Gey. Seli za wagonjwa wengine zilikuwa zikifa upesi maabarani. Za Henrietta ziliongezeka maradufu kila siku, zikaitwa HeLa, na punde zikatumika kujaribia chanjo ya polio. Mwenyewe hakupona. Alifariki Oktoba 4, 1951 akiwa na umri wa miaka 31, saratani ikiwa imesambaa katika viungo vingi.

Baada ya Gey kufariki mwaka 1970, Jones na wenzake waliutazama upya ule uvimbe uliohifadhiwa. Wakagundua kwamba haukuwa wa seli bapa hata kidogo, bali wa seli za tezi, na wakachapisha habari hizo mwaka 1971. Kosa hilo silo lililomuua, kwani enzi hizo aina zote mbili zilitibiwa kwa radiamu vilevile.

Miaka ya 1980, kundi la Harald zur Hausen nchini Ujerumani lilikuta ndani ya seli za HeLa virusi vya HPV namba 18, ambavyo huhusishwa sana na saratani ya tezi. Utafiti wake ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 na kufungua njia ya chanjo, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa miaka 10 mwaka 2019.

Jamaa za Henrietta walikuja kujua habari za seli hizo mwaka 1973, wakati ambapo tayari zilikuwa zikiuzwa. Kaburi lake huko Clover lilikaa bila jiwe la jina hadi mwaka 2010. Mwaka 2023 warithi wake walipatana nje ya mahakama na kampuni moja iliyofaidika na seli hizo, na masharti ya mapatano yakawekwa siri.