Semei Kakungulu, jemadari wa Uganda aliyeishika Sabato

Msabato wa Kawetele anajua ilivyo kazi kuitunza Jumamosi. Majani ya chai yakikomaa hayasubiri, msiba hauchagui siku, na mtoto anaweza kupangiwa mtihani siku hiyohiyo. Lakini hapa Afrika Mashariki wapo watu wengine wanaoishika Jumamosi, nao si Wakristo. Ni Wayahudi weusi, wakulima kama sisi, wanaoishi kuuzunguka mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon. Wanaitwa Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Dini yao haikuletwa na mmisionari. Aliyeianzisha ni mtu mmoja, Semei Kakungulu, na leo tunasimulia maisha yake.

Kakungulu alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1860 huko Koki, jirani na Buganda. Akiwa kijana aliingia katika utumishi wa Kabaka Mwanga, akapata sifa kwa kuwinda tembo. Wamisionari wa Kianglikana walimfundisha kusoma, akabatizwa. Vita vya dini vilipozuka Buganda kuanzia 1888, alikuwa mmoja wa majemadari wa upande wa Waprotestanti.

Baadaye aligeukia mashariki. Akiwa na askari wenye bunduki aliteka maeneo ya Bukedi na Teso, akajenga ngome, barabara na mji wa Mbale wenyewe. Tusimpambe: wenyeji wa huko walipoteza watu na ng'ombe, na walilazimishwa kufanya kazi. Yote hayo yaliwafaa Waingereza, na Kakungulu alitumaini kwamba nao watamtambua kuwa mfalme wa nchi alizoziteka. Hawakumtambua. Walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua, wakamhamishia Busoga kuanzia 1906, na mwaka 1913 akarudi Mbale akiwa mtu mwenye uchungu.

Wapo wanaosema uchungu huo ndio uliomtoa katika kanisa la Waingereza. Huenda ulichangia, lakini sisi tunaona hautoshi kueleza yaliyofuata, maana mtu aliyekasirika tu hajitwishi sheria ngumu namna ile. Kwanza alijiunga na kundi la Wamalaki, Waganda waliojitenga na kanisa, walioishika Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Jambo hilo la dawa lilimgombanisha zaidi na serikali, na hapo hatumsifu.

Biblia nzima ilikuwa imeshatafsiriwa kwa Kiganda tangu 1896, na Kakungulu alikuwa msomaji. Kadiri alivyosoma vitabu vya Musa, ndivyo alivyojiuliza kwa nini Wakristo wanaviheshimu vitabu hivyo lakini hawazifuati amri zake. Mwaka 1919 aliamua: akatahiriwa yeye na wanawe. Wamalaki wenzake walipomwonya kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi, alijibu kwamba basi naye ni Myahudi. Kwa Waganda wa zamani, kukata mwili namna hiyo lilikuwa jambo la kuogopwa, hivyo waliomfuata walijua wanachokiacha.

Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha sala na maagizo kwa wafuasi wake. Hata hivyo walikuwa bado wanachanganya mambo, kwa mfano walibatiza. Mwaka 1926 alikutana na Myahudi mgeni aliyejulikana kwa jina la Yosef, ambaye alikaa naye kwa miezi kadhaa. Mgeni huyo aliwafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja na vyakula vilivyokatazwa, nao wakaacha yaliyobaki ya Ukristo. Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928.

Alichokiacha si rahisi kukishika. Sabato ya Kiyahudi huanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana. Katika muda huo moto hauwashwi, kwa hiyo chakula cha Jumamosi hupikwa mapema, na jembe hubaki ndani hata kama mvua ya kupandia imeshanyesha. Kwa mwenye shamba dogo siku hiyo ina gharama.

Gharama kubwa zaidi ilikuja miaka ya 1970, Idi Amin alipoipiga marufuku dini hiyo. Masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, yalifungwa, wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, na wachache waliobaki walisali kwa siri mpaka Amin alipong'olewa mwaka 1979. Leo wanakadiriwa kufika 2,000 hivi. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alisomea Marekani akawa rabi, yaani mwalimu wa dini, mwaka 2008. Kahawa yao wanaiuza kupitia ushirika ulioanzishwa mwaka 2004, ambao wanachama wake ni Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa vilima hivyo vya Mbale.